Heko kwa watu wa samaki

Butembo na Beni, miji ya mashariki mwa Kongo, ziko mbali na bahari, lakini tilapia hakosekani sokoni. Sifa za kwanza ni za wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi, wanaotega nyavu usiku kwenye Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga. Kisha akina mama: wanampasua samaki, wanamtandaza, wanampaka chumvi hadi kwenye mashavu au kumkausha kwa moshi, ndipo apande milima hadi Butembo, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Tusiwasahau viboko, ambao kinyesi chao hulirutubisha ziwa: hifadhini walikuwa zaidi ya 20,000 miaka ya 1970; kufikia 2005 hawakufika 1,000. Basi, kwa kazi yote hiyo, mama akikutajia bei, usimkandamize.