Nusu Milimita Nje ya Mstari

Anayejijengea ndege gerejini husifiwa siku inapopaa. Mimi sifa zangu humpa mapema zaidi, siku anapolaza mezani pembe ya alumini yenye urefu wa karibu mita 4, ile itakayokuwa sehemu ya mhimili wa bawa, na kuanza kutafuta mahali pa kuikata.

Ndege kama Zenith CH 750, aliyoisanifu Chris Heintz na inayouzwa kutoka jimbo la Missouri, Marekani, unaweza kuinunua vipande vyake vikiwa vimekwisha kukatwa na kutobolewa kwa mashine za kompyuta. Lakini wapo wanaonunua michoro tu, wakaagiza alumini ya 6061-T6, na kukata kila kitu kwa mikono yao. Hao ndio ninaowazungumzia.

Kipande kifupi humsamehe fundi. Kwenye kirefu, mstari ukienda upande kwa nusu digrii tu, ukimaliza mita 4 umeshapotoka zaidi ya sentimita 3. Ndiyo maana fundi mzuri hupima nafasi za mbavu zote za bawa kutoka ncha moja, wala hapimi kutoka ubavu huu hadi ule, kwani kosa la nusu milimita likirudiwa mara kumi linazaa milimita 5. Hata futi yenyewe haiamini sana. Ile ndoano ya mwanzoni imelegezwa makusudi ili kufidia unene wake, lakini ikishaanguka sakafuni mara kadhaa, nani ajuaye imepinda kiasi gani? Kwa hiyo huanzia kwenye alama ya sentimita 10. (Akisahau kuzihesabu hizo 10, basi atapata kipande safi kabisa, kifupi kwa sentimita 10.)

Kisha kuna joto. Alumini ya mita 4 hurefuka karibu milimita 1 joto linapopanda kwa nyuzi 10, na futi ya chuma hurefuka nusu yake tu. Aliyepima asubuhi ya baridi akarudi kutoboa mchana wa jua atashangaa matundu yakikataa kukutana.

Kuchora nako kuna adabu yake. Msumari wa kuchorea haugusi alumini isipokuwa pale panapokatwa na kutupwa, kwa sababu mkwaruzo ni mlango wa ufa. Penseli nayo hukwepwa, kwani grafiti yake huchochea kutu. Inabaki kalamu ya wino yenye ncha nyembamba, na hata wino una unene, kwa hiyo fundi huamua mapema kama anafuata ukingo wa ndani wa mstari au wa nje.

Ndipo msumeno unapoingia, na hapa ndipo ninapompenda fundi zaidi: msumeno wake haukati mstari. Hupita nje yake, ukiacha nusu milimita au zaidi. Kipande kimeshikiliwa urefu wake wote, kwa maana kikining'inia upande mmoja kitabana msumeno na kujipinda. Kilichobaki ni kazi ya tupa, iliyopakwa chaki ili vumbi la alumini lisigande kwenye meno yake. Husukumwa kwa urefu wa ukingo, taratibu, mpaka wino uanze kutoweka. Halafu msasa, hadi kidole kipite bila kukwama popote. Wasiojua hudhani hayo ni mapambo. Ndege za Comet zilizovunjika angani mwaka 1954 ziliwafundisha wahandisi jinsi ufa mdogo unavyoanzia pembeni mwa tundu na kukua kila metali inapokazwa na kulegezwa.

Kipande cha bawa la kushoto na cha kulia hubanwa pamoja na kumaliziwa kwa tupa ileile, ili kosa likiwapo liwe sawa pande zote mbili. Kabla havijaachanishwa, kila kimoja huandikwa upande wake kwa kalamu, maana vikishachanganyika hata aliyevikata atahitaji kurudi kwenye michoro.