Farasi wa Géricault Hawagusi Chini

Tumezoea kuambiwa hivi: kamera ilipokuja, wachoraji waliachiliwa huru. Uvumbuzi wa Daguerre ulitangazwa Paris mwaka 1839, kazi ya kunakili sura za watu ikachukuliwa na mashine, wachoraji wakabaki na nafasi ya kucheza na mwanga na rangi. Ndio tukapata akina Monet, kisha Picasso. Hadithi tamu. Shida ni kwamba haisemi nani alilipia huo uhuru, na inaichukulia kamera kama shahidi asiyekosea.

Hebu tuanze na farasi. Mwaka 1821 Théodore Géricault alichora mbio za Epsom, Uingereza. Mchoro huo uko Louvre. Farasi wanne wako hewani, miguu ya mbele imenyooshwa mbele, ya nyuma nyuma, hakuna ukwato unaogusa nyasi. Miaka mingi watu waliuona huo kuwa ukweli.

Halafu mwaka 1878, kule California, Eadweard Muybridge akapanga kamera kwenye mstari kando ya njia ya mbio. Farasi wa tajiri wa reli, Leland Stanford, alipopita, alikata nyuzi na kila kamera ikapiga yake. Kumbe kweli farasi huwa hewani, lakini wakati miguu imekunjwa chini ya tumbo, si ikiwa imenyooshwa. Wachoraji walishtuka. Meissonier, aliyesifika kwa umakini wake, alimkaribisha Muybridge Paris mwaka 1881. Degas naye alizitumia picha hizo kuchorea na kufinyanga farasi wake.

Basi Géricault alichapwa? Mimi nakataa. Chukua picha moja ya Muybridge, iangalie peke yake. Farasi anaonekana amekwama, kama kuna mtu amemwambia asimame hapo hapo. Mchongaji Rodin alilisema hili mapema: picha ndiyo inayodanganya, kwa sababu katika maisha muda hausimami. Géricault alikosea miguu, lakini mbio alizipata.

Monet alilielewa hili vizuri. Kwenye mchoro wake wa Boulevard des Capucines, alioutazama kutoka studio ya mpiga picha Nadar, watu wa barabarani ni alama tu za brashi nyeusi, wamefifia kama wapita njia kwenye picha za zamani zilizopigwa polepole. Mwaka 1874, mchoro huo ulipoonyeshwa katika studio hiyo hiyo, mhakiki Louis Leroy aliucheka. Lakini wale watu wanatembea. Monet alichukua kasoro ya kamera akaigeuza kuwa mwendo.

Hapo sifa za uhuru zinastahili. Ila tusisahau wachoraji wa picha ndogo za sura, zile za kuvaliwa shingoni au kubebwa mfukoni. Riziki yao ilikauka ndani ya miaka michache. Wengine wakageuka wapiga picha, wengine wakaajiriwa kupaka rangi picha za mashine. Hao hawana ukumbi Louvre. Uhuru wa Monet ulikuja na barua ya kuachishwa kazi, ila haikuandikiwa Monet.

Nalisema hili kwa sababu wimbo huo unaimbwa tena. Angalia kinyozi za mtaani: sura zilizochorwa ukutani kwa mkono zinaondoka, mabango ya kuchapishwa yanaingia. Sasa akili mnemba inachora bango kwa sekunde, na tunaambiwa wasanii watulie, itawaweka huru wafanye mambo makubwa. Labda. Sanaa haitakufa, hilo historia imeshalijibu. Lakini sanaa kupona na msanii kupona ni mambo mawili tofauti, na anayekuambia uko huru sasa si lazima awe anajua rent yako inalipwa na nani.