Nani Anakula Katika Hadithi Zetu?

Tangu mvua za masika nimekuwa nikisoma rundo la hadithi fupi zilizoletwa kwenye kikundi chetu cha waandishi chipukizi. Nyingi ni za vijana wa hapa hapa Dar es Salaam. Zipo nzuri, zipo za kuvumilia, na zipo ambazo mwandishi wake ningemshauri akasome kwanza miaka miwili ndipo ashike kalamu. Lakini nzuri kwa mbaya, zote zina ugonjwa mmoja: humo ndani hakuna mtu anayekula.

Sisemi njaa haimo. Imo, tena tele. Kuna anayelala na maji ya bomba tumboni, kuna mama anayechemsha mawe ili watoto wasinzie wakidhani ni ubwabwa (mawe haya nimekutana nayo hadithi baada ya hadithi, nadhani sasa yameiva). Kunywa nako kupo: mhusika akiachwa na mpenzi anaingia baa, anaagiza bia, anatoka, anagongwa na gari. Ila watu wanne wakae kwenye benchi, wale, wacheke, wabishane kuhusu Simba na Yanga, halafu waagane bila mtu kufa, hicho kitu hakimo. Na hicho ndicho tunachofanya kila wiki, waandishi hao hao na mimi nikiwemo.

Chukua zege. Muuzaji anachota chipsi kwenye kabati la kioo, anazimwaga kwenye frampeni, anapasua mayai mawili ndani ya kikombe cha plastiki na kuyapiga kwa uma mpaka yatoe povu. Mlio wa uma ule ndio saa ya mtaa. Ukiusikia ujue jua limeshakwenda. Anamwaga yai juu, anatikisa, kisha anafunika kwa sahani na kugeuza, na hapo ndipo unapomjua fundi, maana likikatika washikaji wanamzomea kama kipa aliyefungwa tobo. Kachumbari, pilipili, vijiti vya kuchokolea, kazi imekwisha. Jina lenyewe limetoka kwa mafundi ujenzi: chipsi ndiyo kokoto, yai ndiyo saruji. Aliyelibuni jina hilo alikuwa mshairi kuliko wengi wetu tunaojiita hivyo. Sasa katika rundo lote lile nimekutana na chipsi mayai mara moja tu, na mhusika anazimaliza ndani ya nusu sentensi ili apate nguvu za kwenda kuiba.

Kwa nini iwe hivi? Nadhani mambo yanaanzia kwenye neno starehe. Ukiinuka kumpisha mtu mzima kwenye kiti, atakuambia, "Starehe, mwanangu," yaani kaa, usijisumbue. Hapo ni neno la adabu na upole. Lakini sema kijana fulani anapenda starehe, tayari umemmaliza. Hata uchumba atanyimwa. Fasihi yetu imelishika neno hili kwa ncha ya pili. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), anatuonyesha binti aliyefungwa kama ndege na baba mkali, na siku kizuizi kinapoondoka raha yote anayoionja inageuka deni, na deni analilipa kwa uhai wake. Ni riwaya kubwa, simwondolei hata nukta. Na Kezilahabi hakuwa mhubiri: lawama kubwa anamtwisha Zakaria, baba mtu, na malezi yake. Waigaji wake ndio walioibeba maiti ya Rosa wakaiacha hoja. Ben Mtobwa naye, aliyefariki mwaka 2008, aliuandika mji huu ukiwa umewasha taa katika Dar es Salaam Usiku (1990), na sisi tuliosoma vitabu vyake chini ya dawati tunaujua utamu wake. Lakini riwaya za mkondo ule zinahitaji hatari kama gari linavyohitaji mafuta. Starehe humo ni chambo tu, na sisi tukaamini kwamba kila sahani ina ndoana.

Anayenipa moyo ni Adam Shafi. Vuta n'Kuvute (1999) ni riwaya ya siasa, Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yumo. Polisi wamo, jela imo. Lakini Yasmini, binti wa Kihindi aliyeozwa kwa mzee Raza, anapoikimbia ndoa hiyo anaangukia Ng'ambo, nyumbani kwa Mwajuma, na pale anakuta urafiki, ngoma na taarabu. Shafi hatuharakishi. Anatuacha tukae na wanawake wale wawili, tuwasikie wanavyotaniana na kuvumiliana, na taratibu tunaelewa kwamba ile raha ya Ng'ambo haikuwekwa ili kupumzisha msomaji kati ya mapambano mawili. Yasmini anajifunza uhuru kwa Mwajuma kabla hajamsikiliza Denge akiuzungumzia. Amil Shivji alipoigeuza riwaya hii kuwa filamu, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021, niliitazama nikingojea kitu kimoja tu, kama nyumba ile ya Mwajuma itakuwa na joto. Ilikuwa nalo.

Wapo watakaosema huyo ni Shafi, gwiji, sisi chipukizi tutatoa wapi mfano? Mfano tunao masikioni. Sikiliza muziki wa dansi, Mlimani Park, wana Sikinde, walioanza 1978, au Msondo, ambao mizizi yao ni NUTA Jazz ya mwaka 1964. Nyimbo zao nyingi zina sehemu mbili. Mwanzo ni polepole, mwimbaji analeta kesi: mke kaondoka, ndugu wanagombea mali ya marehemu, rafiki kamgeuka. Ubeti baada ya ubeti, na watu wanasikiliza kama wako barazani. Halafu ngoma inabadilika, magitaa yanaanza kufukuzana, ala za upepo zinajibu, hiyo ndiyo chemko, na ukumbi mzima unainuka. Kesi haijaisha! Mke bado hajarudi. Ila watu wanaicheza ile shida yao mpaka mashati yanalowa. Hadithi zetu zina ile sehemu ya kwanza tu. Tunaleta kesi, tunalia, tunazima redio kabla ya chemko.

Na lugha yenyewe inatusuta. Kiswahili kimelipa tendo la kula kazi ambazo lugha nyingine sijui kama zingeliamini nalo. Tunakula raha, tunakula Idi na Pasaka, vijana wanakula bata hata kama bata mwenyewe hawajamwona tangu azaliwe. Papo hapo tunakula hasara, tunakula mweleka, mkubwa anakula rushwa. Kitenzi ni kile kile, mdomo ni ule ule.

Niliposema haya kwenye kikao, mshikaji mmoja, mwandishi mzuri tu, alinijia juu. "Kaka, watu hawana hela ya kula, wewe unataka tuandike chipsi?" Nikamuuliza yeye mwenyewe jana alikula nini na nani. Akacheka, akakumbuka ubwabwa na maharage kwa mama ntilie, deni akaandikiwa daftarini, wakawa watatu kwa sahani mbili. Sasa hiyo si hadithi? Nani aligawa nyama? Nani alijifanya ameshiba? Anayemwandika maskini kama tumbo tupu peke yake anamnyang'anya hata kile kidogo alichonacho, yaani ladha yake, utani wake, na ujuzi wa kujua ni kijiwe gani kina kahawa ya kweli na kashata isiyovunja jino.

Ila hoja yake ina upande ambao siwezi kuuruka. Starehe za mji huu zina nauli. Maonyesho ya picha na usiku wa mashairi mara nyingi utavikuta Mikocheni, pale Nafasi au Soma, au Upanga kwenye vituo vya utamaduni vya Wazungu. Wengi wetu tunakaa Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto. Kiingilio mara nyingine ni bure, lakini kurudi ni daladala mbili, na shairi la mwisho likichelewa unaanza kumtazama konda badala ya mshairi. Nimemwona binti akitoka katikati ya usomaji mzuri kwa sababu hiyo tu. Hili nalo halijaandikwa, na lina hadithi ndani yake kuliko majambazi kumi.

Wachoraji walitutangulia kidogo. Edward Saidi Tingatinga, kabla hajauawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, alichora wanyama na ndege kwa rangi ya kupakia baiskeli juu ya vibao vya mraba, na wateja wake wengi walikuwa wageni wa Oysterbay. Warithi wake wanaendelea na twiga na chui, maana twiga analipa kodi ya nyumba, siwalaumu. Lakini ukienda kwenye mabanda yao Morogoro Stores, pekua nyuma ya twiga. Utakuta picha zilizosongamana watu: soko, hospitali, arusi, mtu anakula muwa, mwingine anamkimbiza kuku. Hizo ndizo ninazosimama kuzitazama, ingawa sijawahi kuwa na hela ya kununua hata moja.

Katika rundo nililosema upo mswada mmoja uliopona ugonjwa huu. Umeandikwa na dada wa Tandika. Marafiki watatu wanakwenda Coco Beach Jumapili, wanaagiza mihogo ya kukaanga, wanahesabu nauli ya kurudi kabla ya kuongeza mishkaki, wanachekana kuhusu nywele za kusuka zilizopinda. Katikati ya sahani ya pili mmoja anasema viza ya Omani imetoka, Alhamisi anaondoka kwenda kufanya kazi za ndani, miaka miwili. Hakuna anayejibu. Mmoja anasukuma kipande cha mwisho cha muhogo upande wa yule anayesafiri, yeye anakirudisha, kinakwenda na kurudi mpaka kinapoa. Mwisho wanakigawa vipande vitatu.

Kikao kiliukataa mswada huu kwa kura. Wakasema hauna tukio. Mmoja alipendekeza yule dada afe Muskati ili hadithi ipate uzito. Mimi nimemwomba mhariri auchape katika toleo lijalo kama ulivyo, bila maiti, na amekubali kuufikiria. Nina sahihisho moja tu kwa mwandishi: ameandika kwamba walitazama jua likizama baharini. Coco Beach inatazama mashariki, dada yangu. Jua pale linazama nyuma yako, kwenye nyumba za matajiri.