Kilisun Mkononi, Jua la Dodoma Utosini

Jamani, nimeishika! Miaka yote hii nimekuwa nikiisikia tu: Kilisun, losheni ya kujikinga na jua inayotengenezwa Moshi, kwa ajili ya ngozi za watu wenye ualbino. Juzi mdogo wangu, mkulima wa zabibu kule Hombolo, alirudi kutoka kliniki ya ngozi akiwa nayo kwenye mkoba. Yeye ana ualbino, mimi sina. "Dada, njoo uone," akaniita, na kabla sijaketi alikwisha kunidondoshea tone moja mgongoni mwa mkono. Moja tu, nami sikuthubutu kuomba la pili, maana mgawo ule ni wake na ndio unaomfikisha kliniki ijayo.

Lakini tone lile! Lilianza jeupe, nikalisugua taratibu, likatandaa mpaka kwenye vifundo vya vidole, likatulia. Nilizoea losheni za dukani ambazo ukizipaka kwenye ngozi nyeusi unabaki kama uliyepigwa vumbi la unga, kwa hiyo nilikaa naukodolea macho mkono wangu nikisubiri ule weupe urudi. Haukurudi. Nikasogea dirishani nikautazama tena. Nimefurahi kupita kiasi!

Kinachonisisimua zaidi ni ilikotoka. Kilisun inatengenezwa katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, na aliyeanzisha kazi hiyo ni mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto. Kampuni ya kemikali ya BASF ya Ujerumani ikachangia utaalamu na malighafi. Zamani watu wenye ualbino walitegemea misaada ya losheni zilizobaki Ulaya, leo imekuja kesho haipo, nyingine zikiwa zimekaribia kuisha muda. Sasa mchanganyiko unakorogwa chini ya Mlima Kilimanjaro, umefikiriwa tangu mwanzo kwa mtu anayelima, anayechunga, anayetembea kwa miguu kwenda shule. SPF yake ni 30 na zaidi. Nasema bila kusita: hii ni dawa, na yeyote anayeiweka fungu moja na vipodozi vya urembo hajawahi kuona kidonda cha saratani kwenye sikio la kijana.

Na jua letu hapa si la mchezo. Dodoma iko mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa kavu, mawingu machache kwa miezi mingi. Kadiri unavyopanda juu ndivyo mionzi inavyozidi makali. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena mapema Oktoba, jua la mchana linasimama utosini kabisa, kivuli chako kinajificha chini ya nyayo. Machi hiyohiyo ndiyo watu wako mashambani wanavuna zabibu! Halafu kuna hila ya Juni na Julai: upepo unavuma, baridi ya asubuhi inatuvalisha masweta, tunadhani tumesalimika. Joto na mionzi ni vitu viwili. Upepo unapooza ngozi, mionzi inaendelea kuchoma.

Sisi wenye melanini tele tuna kinga ya kuzaliwa nayo, ila kinga hiyo haifungi mlango wote. Kwa hiyo nimeingia maduka ya mjini na macho mapya. Natafuta namba kwanza: SPF 30 huzuia takriban asilimia 97 ya mionzi ya UVB, 50 huzuia kama 98, basi usikubali kulipa maradufu kwa ajili ya ile moja. Natafuta maandishi yanayosema inakinga pia UVA, ile inayopenya ndani zaidi. Tarehe ya mwisho wa matumizi naisoma mara mbili, na chupa iliyopangwa dirishani mwa duka ikipigwa na jua mchana kutwa naiacha palepale. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, kwa hiyo bidhaa isiyosajiliwa huko haingii kwangu.

Na mkorogo? Hapana, hapana kabisa! Inaniuma ninapomwona binti anapaka kitu chenye haidrokwinoni au zebaki ili ang'ae, kisha anasimama kituo cha daladala saa saba mchana. Anajivua kwa mkono wake ile kinga ambayo mdogo wangu angeipokea kwa machozi ya furaha.

Kosa kubwa tunalofanya wote ni kupaka kiduchu. Kwa uso na shingo, kamua mistari miwili yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati. Paka kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukitokwa jasho. Hata hivyo losheni peke yake haitoshi kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Pama lenye ukingo mpana linakinga masikio, kepu haikingi. Shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana haliishi makali kila saa mbili.

Kesho yake alfajiri nilimtazama akijiandaa kwenda shambani. Mashavu, pua, masikio mbele na nyuma, kisogo, migongo ya mikono, kila mahali bila haraka. Akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni, akachukua pama lake ukutani, chombo cha Kilisun akakiviringisha ndani ya kanga yenye unyevu kisipate joto. Alipofika mlangoni akageuka.

"Dada, baada ya saa mbili nitapaka tena. Nipigie unikumbushe."

Nikaweka kengele kwenye simu palepale.