Neno na Mkono katika Michoro ya Ukutani ya Sol LeWitt

Sol LeWitt, Mmarekani aliyezaliwa Hartford mwaka 1928 na kufariki mwaka 2007, aliacha michoro ya ukutani zaidi ya 1,200. Iliyo mingi ilichorwa na wengine kwa kufuata maagizo yake. Aununuaye mchoro hupewa hati na kielelezo. Mchoro waweza kufunikwa kwa rangi hapa na kuchorwa upya kwingine, nao ukahesabiwa kuwa ni ule ule.

Yasemwa mara nyingi kwamba katika sanaa hii wazo ndilo kazi yenyewe, na mkono ni mtumishi tu. LeWitt mwenyewe ndiye aliyetoa sababu ya kusema hivyo, kwani katika makala yake ya mwaka 1967 alilifananisha wazo na mashine iundayo sanaa. Lakini kati ya wazo na ukuta imesimama lugha, nayo lugha si mashine.

Na utazamwe mchoro namba 118, wa mwaka 1971. Nukta 50 ziwekwe ukutani kwa penseli ngumu, popote pale pasipo mpango, nazo zienee sawasawa. Kisha zote ziunganishwe kwa mistari iliyonyooka. Mchoraji atiiye sharti la kwanza kikamilifu huenda akarundika nukta pembeni. Atiiye la pili atashika rula, na la kwanza litakuwa limekufa. Zaidi ya hayo, kuunganisha zote ni nini? Mistari 49 yatosha kuzifunga nukta 50 kama shanga katika uzi mmoja. Kila nukta ikiunganishwa na kila nyenzake, mistari yafika 1,225. Desturi imeshika maana hii ya pili, na uzuri wa mchoro watoka humo. Lakini sentensi haikuilazimisha. Mfasiri wa Kiswahili angebanwa papo hapo: aandike “ziunganishwe pamoja”, au “kila moja na kila moja”?

Mchoro namba 46, wa mwaka 1970, uliotolewa kwa kumkumbuka mchongaji Eva Hesse aliyefariki mwaka huo, wataka mistari ya wima isiyonyooka wala kugusana. Kikanushi hapa chakataza bila kuamuru: mstari upinde kiasi gani, hapana asemaye. Mtetemo wa mkono, ambao kwingine ungekuwa kasoro, hapa ndio utimizao agizo. Mwaka 1971 LeWitt alikiri kwamba kila mtu huchora mstari kwa namna yake na kuyafahamu maneno kwa namna yake. Kauli hii yaipinga ile ya 1967, na ndiyo iliyo kweli zaidi.

Ushahidi uko North Adams, Massachusetts, ambako michoro yake 105 ilifunguliwa kwa watazamaji mwaka 2008 katika jumba la MASS MoCA. Wanafunzi hawakuachiwa karatasi tu. Waliongozwa na mafundi waliofanya kazi na LeWitt kwa miaka mingi, ambao walijua penseli ikandamizwe vipi na neno lipi lichukuliwe kwa uzito. Maarifa hayo mengi hayamo katika maagizo. Michoro hiyo imepangwa kubaki hadi mwaka 2043. Wakati huo wengi wa mafundi hao watakuwa wazee mno kupanda jukwaa.