Ufundi wa Kuuficha Mji

Riwaya ya mji uliofichika husimama juu ya mji ambao msomaji anaujua. Kwanza zipo barabara za kweli, vituo vya treni, kodi za nyumba na makelele ya jirani. Kisha, nyuma ya ukuta au chini ya lami, upo mji wa pili wenye wenyeji wake, sheria zake na madeni yake. Aina hii ya hadithi ilijipatia wasomaji wengi tangu Neil Gaiman alipotoa Neverwhere mwaka 1996, ingawa hamu inayoishibisha ni ya kale. Wengi hudhani utamu wake unatoka kwenye maajabu. Kwa kiasi kikubwa unatoka kwenye mji wa juu.

Richard Mayhew, shujaa wa Gaiman, ni mtu wa ofisini tu, mkazi wa London. Jioni moja anamwokota njiani msichana aliyejeruhiwa na kumpeleka kwake. Baada ya hapo teksi hazimsimamii, wenzake kazini hawamtambui, na wakati fulani, yumo bafuni ndani ya maji, dalali anaingia na wapangaji wapya kuwaonyesha nyumba kana kwamba haina mtu. Hapo mwandishi hajahitaji zimwi. Amemfuta mtu mmoja kazini, nyumbani na barabarani, na yeyote aliyewahi kupanga chumba mjini anaelewa ukubwa wa msiba huo. Mji wa chini ukija kufunguka, pamoja na watawa wake, wauaji wake na watu wake wanaozungumza na panya, unaaminika kwa kuwa ule wa juu umeelezwa bila kubahatisha.

Baada ya mji huja mlango, na hapo mafundi hutengana na wanagenzi. Katika Akata Witch ya Nnedi Okorafor, iliyotoka mwaka 2011, mji wa wachawi uitwao Leopard Knocks umejificha kusini-mashariki mwa Nigeria. Sunny, binti wa miaka kumi na miwili, hawezi kuufikia ila kwa kuvuka daraja jembamba juu ya mto unaochafuka, na ndani ya mto kuna mnyama anayemvizia. Wepesi wa miguu hautoshi kuvuka: lazima kwanza aiite sura yake ya kiroho, ile ambayo watu wa kawaida hawaioni. Mlango wa namna hiyo humtoza mtu kitu kabla hajaona lolote. Unaofunguka kwa kusukumwa tu humwingiza msomaji kwenye mji wa bei rahisi.

Uchumi wa mji ni kipimo kingine, na waandishi wengi hukwama hapo. Hujenga minara inayong'aa, wakasahau kusema nani anafagia na mkate unatoka wapi. Okorafor hakusahau: fedha za watu wake, chittim, humwangukia mtu anapojifunza jambo jipya, kwa hiyo tajiri wa Leopard Knocks ni mtu aliyejifunza mengi. Gaiman naye ana soko linalohamahama, ambamo ugomvi umepigwa marufuku, watu hubadilishana takataka kwa vitu vya thamani, na fadhila aliyotendewa mtu leo ni deni la kulipwa kesho. Mwenye kuzoea masoko ya siku maalumu vijijini hana shida ya kuuelewa mpango huo.

Maziwa Makuu yalikuwa na makao yaliyofichika kabla ya riwaya yoyote. Ibada ya kubandwa, yaani kupandwa na roho, ilienea Rwanda, Burundi na Bushi huko Kivu ya Kusini, ikimtukuza Lyangombe, mwindaji aliyeuawa na nyati. Simulizi za Rwanda humweka kwenye volkeno ya Karisimbi, ambako waliopitia ibada hukaa naye baada ya kufa, wakinywa na kuvuta tumbaku. Wasioipitia huishia Nyiragongo, penye moto. Milima yote miwili inaonekana kwa macho hali ya hewa ikiwa safi. Pwani nako, Shaaban Robert aliining'iniza nchi ya Kusadikika angani mwaka 1951, akaijaza mawaziri na mashtaka ya mahakamani kama nchi nyingine yoyote.

Katika Maziwa Makuu hayo hayo, msomaji wa Luhwindja huusoma mji wa chini kwa jicho kali zaidi. Usultani huu wa milimani, katika wilaya ya Mwenga, kusini-magharibi mwa Bukavu, umekalia dhahabu. Mgodi wa Twangiza, uliokuwa wa kampuni ya Banro, ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2011, lakini wachimbaji wa mikono walikuwa wameshaitoboa milima ya Kivu ya Kusini kwa muda mrefu, hasa baada ya serikali ya Mobutu kuihalalisha kazi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mdomo wa shimo unaweza kuwa mpana kuliko mabega kidogo tu. Anayeingia amefunga tochi kichwani na anatambaa. Juu yake kuna magogo yaliyoegemezwa na fundi ili udongo usishuke, na nyuma yake wenzake wanapokezana mifuko ya mawe. Mwenye shimo huitwa PDG, kama mkurugenzi wa kampuni. Yeye hugharamia chakula na vifaa mpaka mawe yenye dhahabu yapatikane, kisha hugawana na vijana wake kwa mafungu yanayojulikana. Mawe yakitoka nje hupokewa na akina mama wanaoyatwanga mpaka yawe unga. Mji kamili wa chini, wenye vyeo, mikopo na sheria, upo tayari bila uchawi wowote. Mwandishi anayejenga kumbi za marumaru ardhini asieleze hewa inaingiaje atachekwa huku, na kwa haki.

Bukavu yenyewe ingemfaa mtunzi wa aina hii kuliko miji mingi iliyokwisha kuandikwa. Iko juu ya rasi zinazoingia ziwani, ina vichochoro vya Kadutu vinavyopanda mlima, na hadi miaka ya 1950 ilibeba jina la Costermansville, mji wa wakoloni ambao nyumba zake bado zinakaliwa. Ng'ambo ya Ruzizi ni Rwanda. China Miéville, katika The City & the City ya mwaka 2009, alihitaji kubuni miji miwili iliyo kwenye ardhi moja, ambayo raia wake hufundishwa tangu utotoni kutoonana; mkazi wa mpakani hahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Halafu kuna ziwa. Kivu lina kina cha mita 485 hivi, na maji yake ya chini yamebana takriban kilomita za ujazo 300 za gesi ya kaboni dioksidi na 60 za methani, zinazokaa humo kwa uzito wa maji yaliyo juu yake. Upande wa Rwanda methani hiyo inazalisha umeme. Ni vigumu kupata sakafu bora ya kujengea mji wa kubuni.

Linabaki suala la kutoka. Gaiman humrudisha Richard London na kumpa kila alichopoteza, kisha humwonyesha akichora mlango ukutani kwa kisu, kwa kuwa mji wa juu haumtoshi tena. Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya mwaka 1952, alifuata njia ngumu zaidi, na pengine bora. Adili anaingia mji ambao wakazi wake wamegeuka mawe, anamkuta Mwelekevu, binti aliye hai peke yake, na anatoka naye salama. Hatari inamngoja kwenye jahazi, mikononi mwa ndugu zake, wanaomtupa baharini kwa wivu. Jini Huria anamwokoa na kuwageuza ndugu hao manyani, ambao Adili analazimika kuwachapa kila usiku.