Mkono wa Chini wa Warmerdam

Tarehe 23 Mei 1942, mjini Modesto, California, Cornelius Warmerdam aliruka kwa upondo akavuka mwamba uliowekwa mita 4.77 kutoka ardhini. Rekodi hiyo ya dunia ilikaa karibu miaka 15. Mmarekani mwenzake, Bob Gutowski, alipoivunja Aprili 1957, aliizidi kwa sentimita moja tu, tena akiwa na upondo wa metali. Warmerdam alirukia mwanzi.

Tofauti hiyo ya vifaa ndiyo inayofanya mruko wake ustahili kuchambuliwa hatua kwa hatua. Mrukaji wa leo hushika upondo wa faibaglasi unaopinda kama upinde, ukahifadhi nguvu ya mbio zake, kisha ukanyooka na kumrusha juu. Mwanzi hupinda kidogo tu. Nguvu ambayo mrukaji hakuja nayo kwa miguu yake, au hakuizalisha mwenyewe kwa mabega akiwa hewani, hakuipata popote.

Chukua pale upondo unapokita. Mrukaji anakuja kwa kasi, anaishusha ncha kwenye kisanduku kilichofukiwa mwisho wa njia, na mwanzi unagota. Kishindo chote kinapanda mikononi na mabegani. Kadiri alivyoushika juu zaidi, ndivyo alivyohitaji kasi kubwa zaidi ili upondo usimame wima badala ya kumrudisha alikotoka. Kwa hiyo mtu wa mwanzi alikuwa na maswali mawili tu: mbio zangu zinaniruhusu kushika juu kiasi gani, na nikishafika huko, naweza kuupandisha mwili wangu umbali gani juu ya mkono wangu mwenyewe?

Jibu lilianzia kwenye mkono wa chini. Wakati wa kukimbia, mikono huachana ili kubeba uzito wa upondo. Lakini katika hatua za mwisho, ncha ikiwa inashuka, mrukaji wa enzi ile aliutelezesha mkono wa chini kwenda juu hadi ukutane na ule wa juu. Sababu yake ni ya kimwili kabisa. Kwenye upondo mgumu, mkono wa chini ukibaki mbali huwa kizuizi mbele ya kifua, na mwili haupati nafasi ya kupita. Mikono ikiwa pamoja, mwili unaning'inia kutoka sehemu moja na kubembea kwa uhuru. Kitendo hicho kilitakiwa kukamilika kwa kufumba na kufumbua, bila kupunguza mbio. Ukikosea kidogo, mruko umekwisha kabla mguu haujaachana na ardhi.

Baada ya hapo ndipo palipokuwa na ugumu wenyewe. Hewani kuna mizunguko miwili kwa wakati mmoja: upondo unainuka ukizunguka kwenye kitako chake, na mwili unabembea ukizunguka kwenye mikono. Mrukaji akikunja magoti mapema, uzito wake unapanda na kwenda mbali na kitako, kwa hiyo upondo unapungua kasi na kusimama njiani. Akichelewa, upondo unafika wima huku miguu bado iko chini. Mrukaji wa mwanzi alilazimika kuning'inia kwa muda mrefu kuliko hofu yake ilivyotaka, kisha kuirusha miguu juu kwa ghafla, kujivuta kwa mikono sambamba na upondo, kugeuka kuukabili mwamba, na kuusukuma upondo nyuma ili usije ukauangusha. Warmerdam alijaliwa vyote vilivyohitajika: mbio, mabega, na subira ya kusubiri wakati mwili mzima unataka kupanda. Halafu alianguka kwenye shimo la mchanga au unga wa mbao, si kwenye magodoro manene ya leo. Ilimbidi atue kwa miguu.

Mtoto huyu wa wazazi wa Kiholanzi alikulia shambani Hanford, California, na husimuliwa kwamba alianza kuruka kwa tawi la mpichi. Tarehe 13 Aprili 1940, huko Berkeley, akawa mtu wa kwanza duniani kuvuka futi 15, yaani mita 4.57. Alirudia urefu huo au zaidi hadi kufikisha mara 43 mashindanoni, na katika kipindi chote hicho hakuna mwingine aliyeufikia hata mara moja. Wa pili, Bob Richards, aliufikia mwaka 1951.

Medali ya Olimpiki hakuipata. Michezo ya 1940 na 1944 ilifutwa kwa sababu ya vita, na 1948 ilipofika alikuwa tayari kocha, jambo ambalo kwa kanuni za wakati ule lilimwondoa kwenye orodha ya wanamichezo wa ridhaa. Hasara hiyo inaumiza zaidi ukitazama namba. Dhahabu ya London 1948 ilipatikana kwa mita 4.30. Richards alishinda Helsinki kwa 4.55 na Melbourne kwa 4.56. Don Bragg alishinda Roma 1960 kwa 4.70. Hakuna hata mmoja wao aliyefika 4.77 siku ya kutwaa dhahabu.

Kisha kifaa kikabadilika. Mei 1961 George Davies aliweka rekodi ya 4.83 kwa faibaglasi, na Aprili 1963 Brian Sternberg akafika mita 5. Sentimita 17 zilipatikana ndani ya miaka miwili, baada ya miaka 15 kuleta moja. Mkono wa chini nao ukaacha kuteleza: sasa unabaki mbali na wa juu, kwa sababu unasaidia kuupinda upondo. Ufundi aliokamilisha Warmerdam ukaondoka uwanjani. Yeye mwenyewe alifundisha Fresno State tangu 1947 hadi 1980, akiwa kocha katika enzi zote mbili. Kuiweka 4.77 yake kwenye safu moja na mita sita za leo ni kumdhulumu. Wanaopaswa kupimwa naye ni walioshika upondo usiopinda, na kati yao Gutowski na Bragg ndio waliompita katika orodha ya rekodi za dunia, Bragg akiishia mita 4.80.